Kalamu ya Askari na Haki ya Asiye na Kalamu

Tunapoutaja utamaduni wa taifa, fikra zetu aghalabu hukimbilia ngoma na mavazi, hadithi na mashairi. Mtu wa Tanga atautaja mdumange wa Usambara, taarabu ya mjini, na tenzi zilizotungwa katika mwambao wa Mrima tangu kale. Hayo yote ni ya haki. Lakini utamaduni si yale tu ambayo watu huyafanya wakiwa na furaha. Utamaduni ni pia namna wanavyotendeana pale ambapo mmoja ana nguvu na mwingine hana. Na katika dola ya kisasa nguvu hiyo mara nyingi imo katika karatasi kuliko ilivyo katika rungu. Insha hii yahusu karatasi ambayo ni nadra kutajwa katika vitabu vya utamaduni: taarifa inayoandikwa na askari polisi juu ya mtu aliyemkamata, na ile inayoandikwa na askari magereza juu ya mtu anayemlinda.

Swali letu ni hili: askari anapoandika, anamwandikia nani, na ana wajibu gani kwa yule anayeandikwa? Wako watakaosema kwamba hili si swali la maadili bali ni swali la mafunzo. Kwamba askari afundishwe tahajia, mpango wa aya na matumizi ya fomu, na mengine yatajinyoosha yenyewe. Mafunzo hayo ni ya lazima, na hapana anayeyapinga. Hata hivyo, yamkini mtu akaandika kwa hati nzuri na sarufi iliyonyooka, na bado akawa amemdhulumu mwenzake katika kila mstari. Kadhalika, yamkini mtu mwaminifu akamdhulumu mwenzake kwa sababu tu hakujua kuliweka neno mahali pake. Katika kazi hii ufundi na uadilifu ni mapacha; anayemlea mmoja na kumtupa mwingine atawapoteza wote wawili.

Mwambao wetu unalijua jambo hili kwa historia yake. Mwezi Desemba 1889 Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani na Wajerumani. Mengi yaliyosomwa Ulaya juu yake na juu ya vita vyake yaliandikwa na watu wale wale waliomkamata na kumnyonga. Katika barua na taarifa zao yeye ni mwasi, na wenziwe ni wahuni. Abushiri hakupewa kalamu ya kujibu. Lau si Hemed bin Abdallah al-Buhriy, aliyetunga utenzi juu ya vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima, sauti ya watu wa pwani juu ya mambo yale ingekuwa hafifu mno. Hatusemi kwamba kila neno la mshairi ni kweli na kila neno la mtawala ni uongo. Twasema tu kwamba tukio lile lile, likiandikwa na mkono mwingine, lilikuwa na watu wengine ndani yake.

Utawala ule ulipokwisha kutulia, uliwategemea maakida waliojua kusoma na kuandika, wengi wao watu wa pwani. Shule ya serikali ya Tanga, iliyoanzishwa katika miaka ya 1890, iliandaa makarani na walimu, na mwanzoni mwa karne ya 20 gazeti la Kiongozi lilikuwa likitolewa mjini humo. Hayo yalikuwa maendeleo makubwa ya lugha yetu, nasi twajivunia. Lakini pamoja na lugha ya ofisi ilikuja pia tabia ya ofisi. Akida aliandika barua kwenda juu, bomani. Mwanakijiji aliyeandikwa humo hakuisoma. Barua njema ikawa ni ile inayomridhisha mkubwa. Ukoloni ulipoondoka mwaka 1961, bendera iliteremka siku moja. Tabia haziteremki kwa kamba. Hata leo, mwandishi wa taarifa anapojiuliza “Mkubwa atapenda kusoma nini?” kabla ya kujiuliza “Niliona nini?”, huyo ni akida aliyevaa sare mpya.

Si ajabu basi kwamba mwandishi mkuu wa Tanga, Shaaban Robert, ambaye mwenyewe alikuwa karani wa serikali kwa miaka mingi, aliiweka habari ya Kusadikika, kitabu kilichochapishwa mwaka 1951, barazani mwa hukumu. Karama anashtakiwa kwa sababu ya kutaka watu wafundishwe sheria, katika nchi ambamo watu walitupwa gerezani bila ya kusikilizwa. Karani huyu alikwisha kutambua kwamba dhuluma kubwa haianzi na adhabu. Huanza pale neno la mshitaki linapohesabiwa kuwa limetosha.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, tuone neno linavyoweza kumtia mtu hatiani. Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wa jambo linalojulikana sana katika pwani yetu, yaani uvuvi wa baruti. Askari wa doria anaikuta mashua yenye samaki karibu na mwamba. Anaweza kuandika: “Nilimkamata mvuvi haramu akiwa na samaki wa baruti.” Sentensi hiyo ni fupi, na mkubwa ataifurahia, lakini ndani yake hamna hata jambo moja ambalo askari aliliona kwa macho. Anaweza pia kuandika kwamba alisikia mlipuko mmoja kutoka upande wa mwamba. Kwamba baada ya muda fulani aliifikia mashua yenye watu wawili. Kwamba samaki aliowapasua walikuwa wamevunjika uti wa mgongo na kupasuka kibofu cha hewa, ilhali ngozi haikuwa na alama ya nyavu wala ya ndoana. Kwamba mashua nyingine mbili zilikuwa karibu, naye hakuzifikia. Taarifa ya pili ni ndefu na haina majivuno. Lakini hiyo ndiyo inayoweza kusimama mbele ya hakimu, na hiyo ndiyo inayomwachia mvuvi mlango mmoja wa haki, kwa sababu imezitaja zile mashua mbili.

Neno “haramu” katika taarifa ya kwanza ni hukumu iliyovaa nguo ya habari. Ndivyo yalivyo pia maneno “jambazi”, “mhuni”, “mzururaji” na “mkorofi”. Wageni wanaozuru mapango ya Amboni husimuliwa habari za Osale Otango na Paulo Hamisi, waliosakwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1950. Kwa waliowasaka walikuwa majambazi. Wako wasimulizi wanaowataja kama watetezi wa wanyonge. Msikilizaji wa leo hawezi kuamua kwa kutumia majina hayo mawili, kwa kuwa yote mawili humwambia namna ya kuwaona watu wale, na hayamwambii walitenda nini. Askari hakupewa kazi ya kumpa mtu jina. Alipewa kazi ya kueleza kitendo, ili mwingine mwenye mamlaka hayo alitafute jina.

Wakati nao una hila zake. Shahidi wa Pangani akisema mtu alipita kwake “saa mbili usiku”, maana yake ni saa mbili baada ya jua kutua. Mwandishi mwenye haraka, aliyezoea saa za kijeshi, akiandika 0200 badala ya 2000, amemhamisha mtu kutoka baada ya isha hadi katikati ya usiku wa manane, mwendo wa saa sita. Na mtu aliyekuwa msikitini mbele ya watu hamsini hubaki hana shahidi hata mmoja. Tena mzee wa pwani akisema “usiku wa Ijumaa”, kwa hesabu yake siku huanza magharibi, naye anautaja usiku ambao karani wa ofisini angeuita wa Alhamisi. Mvuvi atasema “maji yalipoanza kupwa”, na hapo hajakosea hata kidogo. Amelitaja jambo ambalo laweza kuhakikishwa kuliko saa ya mkononi iliyosimama. Mwandishi mwema huliandika neno la shahidi kama lilivyosemwa, kisha humwuliza maana yake, na kuiandika maana hiyo kando. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuandika usilolijua kana kwamba unalijua.

Lugha yetu yenyewe, pamoja na utajiri wake, inamtaka mwandishi awe macho. Tukisema “Juma alimkuta Hamisi na mkewe, akampiga”, mke ni wa nani? Nani alipiga, na nani alipigwa? Katika mazungumzo ya barazani msikilizaji atauliza na kujibiwa. Katika jalada la kesi hakuna wa kuulizwa. Miezi au miaka hupita, askari amehamishiwa Kigoma, na sentensi imebaki peke yake. Vivyo hivyo neno “ndugu”, ambalo kwetu laweza kuwa mtoto wa mama mmoja, au wa baba mdogo, au mtu wa kijiji kimoja, au raia yeyote. Mapenzi yetu ndiyo yaliyolipanua neno hilo, nasi hatutaki lipungue. Ila taarifa yapaswa kusema ni ndugu wa namna gani.

Lakini pahala ambapo sarufi hukutana na dhamiri waziwazi ni katika kauli za kitenzi. Mswahili aweza kusema “nilivunja mlango”, au “mlango ulivunjwa”, au “mlango ulivunjika”. Katika ya kwanza mtendaji amesimama na kujitaja. Katika ya pili yupo, ila amejificha nyuma ya pazia. Katika ya tatu hayupo kabisa. Mlango umejivunjikia kama tunda lililoiva. Sasa badala ya mlango tuweke mkono wa mahabusu. “Nilimpiga rungu mkononi aliponinyang'anya funguo” ni taarifa ya mtu aliye tayari kuulizwa. “Alipigwa mkononi” ni taarifa ya mtu anayesita. “Katika purukushani mkono wake ulivunjika” ni taarifa ya mtu anayekimbia. Huenda kipigo kile kilikuwa halali, maana sheria humruhusu askari kutumia nguvu kwa kadiri ya haja. Lakini uhalali wake hauwezi kupimwa hadi kwanza ijulikane nani alifanya nini. Anayemficha mtendaji katika kitenzi amemnyima hakimu mizani. Tena amejinyima mwenyewe utetezi, kwani kitendo cha haki hakina haja ya kufichwa.

Hapa itatolewa hoja ambayo hatuna budi kuikabili kwa heshima, kwa kuwa husemwa na askari wengi walio waaminifu. Watasema: “Nyinyi mwaandika mkiwa mmeketi kivulini. Sisi twaandika usiku, tumechoka, watu wanangoja kaunta. Twamjua mwizi wa mtaa wetu. Tumemkamata mara tatu na mara tatu ameachiwa kwa upungufu mdogo wa ushahidi, na aliyeibiwa analia mbele yetu. Tukiliongeza neno moja ili haki itendeke, ni dhambi gani hiyo?” Hoja hiyo si ya mtu mwovu. Inatokana na huruma kwa aliyeibiwa, nayo huruma hiyo ni ya kweli.

Hata hivyo haisimami. Kwanza, anayeongeza neno moja amejitwalia kazi mbili ambazo taifa limezitenga kwa makusudi. Askari huona, hakimu huamua. Na zilitengwa kwa sababu mwenye kuona kwa hasira huona zaidi ya kilichopo. Katiba yetu, tangu mabadiliko ya mwaka 1984 yaliyoingiza haki za msingi, yakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla ya kuthibitika kwamba ametenda kosa. Ahadi hiyo haiwezi kutimizwa mahakamani ikiwa imekwisha kuvunjwa kituoni, kwa maana hakimu hana macho mengine ila yale aliyoazimwa na mashahidi. Pili, neno lililoongezwa halikai peke yake. Mshtakiwa au wakili wake akilifichua, litayachafua na yale tisa yaliyokuwa kweli, na mwizi ataachiwa mara ya nne. Njia ya mwongo ni fupi, hata kama mwongo huyo alikusudia mema. Tatu, hapana mpaka. Aliyeongeza neno kwa ajili ya mwizi aliyemjua ataongeza kesho kwa ajili ya mwizi anayemdhania, na keshokutwa kwa ajili ya mtu aliyemchukia.

Nchi yetu imekwisha kuona mwisho wa njia hiyo. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu waliokuwa wakihojiwa juu ya mauaji waliteswa na baadhi yao wakafa mikononi mwa vyombo vya dola. Mwanzoni mwa mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu, akiubeba wajibu wa jambo ambalo hakulitenda kwa mkono wake. Mwezi Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini wa Mahenge na dereva wa teksi waliuawa na polisi Dar es Salaam, na taifa likaambiwa kwamba waliouawa walikuwa majambazi waliopambana na askari. Tume iliyoundwa na Rais, chini ya uongozi wa jaji, iliona kwamba hawakuwa majambazi. Kesi ilichukua miaka. Washtakiwa waliachiwa na Mahakama Kuu mwaka 2009, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani ofisa mmoja kwa mauaji. Tuzingatie jambo moja katika msiba huo: baada ya risasi, kilichofuata ni maneno. Neno “majambazi” liliwaua watu wale mara ya pili, mbele ya watoto wao.

Tukitoka kituoni tukaingia gerezani, swali letu huzidi uzito. Mtaani tukio huwa na macho mengi. Gerezani, iwe Maweni au kwingineko, askari mara nyingi ndiye jicho la pekee linaloaminiwa. Mfungwa akiandikwa kwamba ni mtiifu au kwamba ni mkorofi, maneno hayo humfuata katika adhabu za ndani, katika punguzo la kifungo kwa mwenendo mwema, na katika mashauri ya parole tangu sheria yake ilipotungwa mwaka 1994. Wajumbe wa bodi hawakulala naye wala hawakulima naye. Humjua kwa karatasi. Askari akiandika “tabia yake si nzuri” bila kutaja siku wala kitendo, amefunga mlango kwa ufunguo ambao hata mfungwa mwenyewe hauoni. Na akiandika “tabia yake ni nzuri” kwa sababu ya hongo au urafiki, amemdhulumu aliyekosewa, aliye mbali na hana habari. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa mali yataka daftari, uhuru wa mtu wataka zaidi. Na daftari la uongo ni baya kuliko kutokuwa na daftari.

Sheria zetu zimekwisha kuonyesha njia. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 yataka ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja: la kuonwa lisemwe na aliyeona, la kusikiwa na aliyesikia. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 iliweka saa nne kuwa muda wa msingi wa kumhoji aliyekamatwa, muda unaoweza kuongezwa kwa utaratibu maalumu, ikaagiza mahojiano yaandikwe, na mhojiwa asomewe au aonyeshwe yaliyoandikwa ili asahihishe. Agizo hili la mwisho si geni kwa watu wa pwani. Aya ndefu ya deni katika Qurani, ambayo watoto wa vyuoni wameisoma kwa karne nyingi, humwamuru mwandishi aandike kwa uadilifu, na humpa yule aliye na deni, yaani aliyebeba mzigo wa maandishi hayo, haki ya kusema la kuandikwa. Hekima hiyo na sheria ya bunge zakutana pahala pamoja: maandishi yatakayomfunga mtu hayana budi kupita masikioni mwake kwanza.

Jambo jingine limetuondolea udhuru. Kwa miaka mingi maneno ya shahidi yalisemwa kwa Kisambaa, Kidigo au Kizigua, yakaandikwa kwa Kiswahili, kisha katika mahakama za juu yakageuzwa kuwa Kiingereza. Kila kivuko kilichukua kitu. Mahakama za mwanzo zimetumia Kiswahili muda wote huo, na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yakakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama kwa jumla. Sasa mshtakiwa aweza kuyasikia maneno yaliyoandikwa juu yake katika lugha anayoielewa. Askari hawezi tena kusema kwamba kosa ni la mfasiri.

Basi katika vyuo vyetu, Moshi kwa polisi na Ukonga kwa magereza, somo la kuandika taarifa lisiwe somo dogo la mwisho wa juma. Mwanafunzi afundishwe kuandika mapema, kumbukumbu ingali mbichi; kutenga aliloliona na aliloambiwa; kumtaja mtendaji hata kama mtendaji ni yeye mwenyewe au mwenzake wa zamu; kuandika na lile linalomsaidia mshtakiwa; na kumsomea mtu yale aliyomwandikia. Na wakubwa nao wafundishwe kuipokea taarifa isiyowapendeza, maana askari huandika kile ambacho amezoea kusifiwa kwacho.

Juu ya yote afundishwe neno moja ambalo ni gumu kuandikwa kuliko mengine: “sikuona”. Mtu mwenye sare huona haya kuliandika, akidhani kwamba litampunguzia heshima. Lakini hakimu anayelikuta neno hilo katika taarifa hupata sababu ya kuyaamini mengine yote. Naye yule aliyeketi upande wa pili wa kaunta, mikono mitupu, asiye na kalamu, hujua kwamba yupo mtu aliyepewa uwezo wa kusema lolote juu yake, na mtu huyo akasema lile tu alilolijua. Hiyo nayo ni sehemu ya utamaduni wa taifa, hata kama haichezwi uwanjani siku ya sikukuu.